Samadi ya Kalume, Maharage ya Léoncie

Ukitaka kumuudhi Kalume, mwambie kwamba Idjwi si nchi. Mwambie ni kisiwa tu, kipo katikati ya Ziwa Kivu upande wa Kongo, hakina rais wala pasipoti. Atakusikiliza kwa adabu mpaka umalize, kisha atakueleza habari za wafalme wa Idjwi, mananasi ya Idjwi, kahawa ya Idjwi, na watu wa Idjwi ambao pua zao hazijui harufu ya dawa za shambani. Mimi niliacha kubishana naye zamani. Kwa Kalume dunia ina mabara saba na Idjwi.

Siku za kazi ni mtu wa kawaida kabisa. Anaishi hapa Dallas, mtaa wa Vickery Meadow, ghorofa ya pili, pamoja na mkewe Fortunée na binti yao Merveille. Anaendesha foklifti kwenye ghala moja huko Mesquite, na kanisani anaimba besi. Lakini Jumamosi asubuhi, akishavuka barabara na kuingia kwenye bustani iliyo nyuma ya kanisa, anabadilika. Anavaa kofia ya majani, anakunja mikono ya shati, anasafisha koo. Hapo ujue tumekwisha.

Bustani hiyo wenye kanisa walitugawia vitalu, wengi wetu Wakongo na Warundi, na mimi Prudensia, Mtanzania wa Bukoba, niliyepata kitalu kwa sababu niliomba kwa sauti kubwa kuliko wengine. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa. Nashinda nikiwasikiliza watu wanaorudia hadithi zilezile, kwa hiyo nilidhani nimezoea. Nilikuwa sijakutana na Kalume akihubiri kilimo hai.

"Udongo iko na uhai!" ndivyo anavyoanza. "Ile poudre ya bleu, mbolea ya duka, inaua udongo. Kwetu Idjwi tunalimaka bila dawa, na bazee banafika miaka mia!"

"Baba yako mwenyewe alikufa na miaka mingapi?" nilimuuliza siku moja.

"Baba yangu alianguka mu muti, dada. Ile haihusu mbolea."

Na tusipofika Jumamosi, anatufuata kwenye simu. Ametuundia kundi la WhatsApp, na humo anatuma sauti, si ujumbe wa kuandika, sauti, tena ndefu, anazorekodi wakati wa mapumziko huku nyuma foklifti za wenzake zikipiga honi. Neno analolipenda ni bio, yaani kisichoguswa na dawa. Mchicha wake ni bio. Viwavi wake, ambao huwaokota mmoja mmoja na kuwahamishia ukutani kwenye maegesho ya magari, nao ni bio. Mimi nilikuwa na pakiti yangu ndogo ya mbolea ya bluu, sina ubaya na mtu. Akaigundua, akaishika kwa vidole viwili kama nepi ya mtoto, akaenda kuitupa mwenyewe. Nilikasirika wiki nzima. Halafu mchicha wangu ukatoka mtamu kweli. Nilimwambia ni mvua.

Basi kidogo kidogo alitushinda. Baada ya misimu miwili hakuna aliyethubutu kupita getini na kitu cha dukani. Na katika waumini wake wote, hakuna aliyemwamini kama Léoncie.

Léoncie ni Mrundi, msafishaji wa vyumba hotelini, mwanamke mpole anayeongea kana kwamba kuna mtoto amelala karibu. Yeye ndiye mwenye maharage. Si maharage ya dukani. Ni maharage membamba, meupe kama maziwa, yenye mistari ya zambarau. Mama yake, marehemu Theodora, aliyatoa kilimani kwao Rutana wakati wa kukimbia, akayapanda kambini Kasulu miaka yote ya ukimbizi, na kabla hajafa akamwachia binti yake. Jinsi yalivyofika Texas sijui na sitaki kujua, maana mimi ni mtu ninayependa kulala usingizi. Ninachojua ni kwamba Léoncie aliyapanda hapa, joto likayapiga, machache yakazaa, akayapanda tena hayo machache, na mwaka hata mwaka yakaizoea Dallas pamoja naye. Kwao Rutana hakuna aliyebaki wa kumtumia mengine. Yakipotea, yamepotea.

Mavuno ya mwaka jana yalikuwa mabaya. Mwezi wa tatu mwaka huu Léoncie alikuwa na viganja viwili tu vya mbegu, ndani ya chupa ya jam. Alitaka kupanda nusu.

Hapo ndipo Kalume akaleta samadi.

Karibu na ghala lake kuna mzungu mmoja mzee wa kofia pana, mwenye farasi. Kwa miezi Kalume alikuwa akiliangalia lile lundo nyuma ya zizi kwa macho ya mapenzi. Mwishowe akaenda kuomba. Na msidhani aliomba ovyo ovyo. Alimfanyia mzee wa watu usaili. Alituigizia usaili huo mara nyingi, akigeuza kofia kila alipobadilisha mtu.

"Nikamuuliza: Sir, farasi yako unamupatiaka dawa? Akasema no. Unamupatia chakula ya fabrique, ya kiwanda? No. Anakula nini? Akanionyesha mu mbuga: nyasi, tu nyasi! Maji na nyasi!" Akatuangalia mmoja mmoja. "Bio, cent pour cent, mia kwa mia."

Samadi ililetwa na Elkana, kijana wa Kikenya mwenye pikapu, aliyelalamika njia nzima. "Wacha story, Baba Merveille, tupakue hii kitu, gari yangu itanuka hadi Krismasi." Tulipakua. Ilikuwa imeiva, nyeusi, inavunjika mkononi, haina hata harufu mbaya. Udongo wa hapa ni mfinyanzi mzito unaokuvua viatu, kwa hiyo mnaweza kufikiria furaha yetu. Kila kitalu kilipata. Cha Léoncie kilipata maradufu, maana Kalume alimchagulia mwenyewe ile ya katikati ya lundo.

Kisha akaiona ile chupa ya jam.

"Nusu? Maman Léoncie, nusu ya nini? Mbegu yenye kulala mu chupa inafanya nini? Ona hii udongo! Hata Idjwi hatukuwa na hii."

Kumsikia Kalume akikiri kwamba mahali fulani pana kitu kizuri kuliko cha Idjwi, hiyo peke yake ilitosha kumshawishi mtu. Léoncie aliangalia udongo, akaangalia chupa. Mimi nilisema, "Mama Léoncie, bakiza hata kidogo." Kalume akacheka, akasema Watanzania wanapenda kuweka akiba hata ya maneno. Léoncie naye akacheka. Akaimimina yote.

Mahindi ndiyo yaliyotudanganya. Yalitoka kwa fujo, manene, ya kijani kibichi kinachong'aa, na Kalume akawa anayapiga picha kama ni watoto wake wanahitimu shule. Merveille, aliyelazimishwa kuja kushika simu, alisema, "Dad, it's corn. We're in Texas," akarudi nyumbani.

Lakini maharage yalipotoa majani ya pili, majani yalitoka yamejikunja. Yalifumba kama ngumi. Shina nalo likaanza kujisokota, likainama. Nyanya za Fortunée zikafuata, majani yake yakawa membamba kama nyuzi.

Kalume alikuwa na maelezo kwa kila wiki. Kwanza ilikuwa baridi ya asubuhi. Halafu tunamwagilia sana. Halafu hatumwagilii vya kutosha. Halafu, alisema akiniangalia mimi, kuna watu ambao moyoni mwao bado wana ile pakiti ya bluu. Nilimjibu vibaya, siandiki nilivyomjibu.

Kila jioni Léoncie alipotoka hotelini alikuja na sare yake ya kazi, akageuza ndoo, akaikalia mbele ya kitalu. Hakuwa akifanya kitu. Anakaa tu na kuyaangalia maharage ya mama yake yakifa, na rozari mkononi. Nilimwonea huruma mpaka nikaanza kumchukia Kalume kidogo, na nadhani Kalume naye alianza kujichukia, kwa sababu zile sauti zake za WhatsApp zilikatika ghafla. Nilikuwa nimeziombea zikatike. Zilipokatika sikufurahi.

Siku moja alichuma jani lililojikunja, akalitia mfukoni, na baada ya kazi akaenda nalo kwa yule mzee wa farasi. Jumamosi akaja mbele yetu bila kofia yake ya majani.

"Nilimuonyesha," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Akalijua mara moja. Akasema: a, hii ni ile dawa. Nikamuambia: ulinijibu hapana. Akasema: farasi, hapana. Mbuga, ndiyo. Kila mwaka anapiga dawa mu mbuga ya kuua magugu, yenye majani mapana. Nyasi haiguse. Farasi anakula nyasi, dawa inapita mu tumbo, haimufanyi kitu farasi, inatoka nayo mu samadi. Inaua kila kitu yenye jani pana." Akayageukia mahindi. "Ni ndiyo maana mahindi iko muzuri. Mahindi ni nyasi."

Elkana alipiga mluzi wa chini.

"Yule mzee alitoa kofia, akaomba pardon. Akasema ningemuuliza angeniambia. Lakini batu bangu, kwetu nani anaulizaka nyasi ilikula nini?"

Hapo nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Mtume wa kilimo hai, aliyetunyang'anya pakiti zetu, ametuletea sumu kwa pikapu na kutugawia kwa mkono wake, na ya katikati ya lundo akampa anayemwamini kuliko wote. Kicheko kilinifika hapa. Kisha nikamwona Léoncie ameinua ndoo yake, ameirudisha mahali pake, anaondoka taratibu bila kumwangalia mtu. Kikaisha.

Sisi wengine tulikuwa tumepoteza msimu. Yeye alikuwa amepoteza kitu cha mwisho kilichoguswa na mama yake.

Fortunée ndiye aliyelitaja jina. Aliniita pembeni, akasema, "Amandine. Si ako na ile mbegu?"

Amandine ni mdogo wake Léoncie, anaishi Houston. Alipohama Dallas alipewa kiganja cha maharage ya mama yao, na huko joto na unyevu havikumshinda, akawa anavuna kuliko dada yake. Tatizo ni kwamba dada hawa hawakuwa wakizungumza. Pasaka ya mwaka juzi Léoncie alikwenda kumtembelea, akakuta mfuko mkubwa wa mbolea ya bluu mlangoni. Amandine akapakua maharage. Léoncie, aliyekuwa amelewa mahubiri ya Jumamosi, akasukuma sahani, akamwambia mdogo wake kwamba hawezi kula sumu, na kwamba anawalisha wanawe kifo. Maneno hayohayo, neno kwa neno, sote tulijua yanatoka kinywani mwa nani. Amandine alimfungia mlango.

"Basi aende Kalume, maana ndiye aliyeufunga," nilisema.

"Ataenda," Fortunée alijibu. "Lakini autoroute anaiogopa. Utamupeleka weye."

Mtu anayenyanyua tani kwa foklifti kwa mkono mmoja huku anapiga mluzi, anaiogopa barabara kuu ya Houston. Niliwachukua Jumapili baada ya ibada, Kalume mbele, Fortunée nyuma na chupa ya chai. Kila lori lilipotupita Kalume alikanyaga breki upande wake, ambako hakuna breki. Fortunée alimwambia, "Papa, omba kimya kimya, dada anaendesha."

Amandine alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi. Kumbe Fortunée alikuwa amempigia simu tayari. Alimpita Kalume kwa macho, akatusalimia sisi wanawake, akatuuliza habari za safari na za kazi, ndipo akamgeukia.

"Wewe ndiye Baba Bio?"

"Ni miye, maman."

"Umekuja kunifundisha?"

"Hapana, maman. Nimekuya kuomba. Niliua maharagi ya mama yenu."

Amandine aliushusha mwiko. Nadhani alikuwa amejitayarisha kwa mabishano, na sasa hakujua ayapeleke wapi. Mwishowe akasema, "Ingieni. Hapa kwangu hakuna anayeomba kabla hajala."

Ule mfuko wa bluu ulikuwa palepale mlangoni. Kalume aliuona. Sote tulimwona akiuona. Sahani ililetwa, maharage yenye mistari ya zambarau yaliyofifia kwa kuiva, na ndizi, na mawese juu. Kalume aliinamisha kichwa akaomba, na ile haikuwa sala ya chakula, ilikuwa sala ya mtu anayeingia chumba cha upasuaji. Amandine alisimama juu yake na mwiko wake. Akala kijiko cha kwanza amefumba macho. Cha pili akafumbua. Alipomaliza alifuta sahani kwa kipande cha ndizi, na Amandine, bila kumuuliza, akampakulia tena.

Tulipoaga alimpa Kalume mbegu kwenye chupa ya plastiki, imejaa mpaka shingoni.

"Mpe dada yangu. Usimweleze kitu," alisema. "Akiwa na swali, namba yangu haijabadilika."

Njia nzima ya kurudi Kalume aliishika ile chupa kwa mikono miwili, hata akasahau kuogopa malori.

Jumamosi tulimkuta Léoncie akiling'oa la mwisho la yale mashina yaliyojisokota. Kalume alimwendea, akampa chupa. Hakuwa na hotuba. Léoncie aliigeuza kwenye mwanga, na ile mistari ya zambarau ikaonekana, akakaa chini, pale pale kwenye udongo, na sare yake.

"Zimetoka wapi, Baba Merveille?"

"Houston."

"Uliingia kwake?"

"Niliingia."

"Ukala?"

"Nilikula." Akasita. "Mara mbili."

Léoncie akatoa simu. Mikono ilikuwa na udongo, kwa hiyo akabonyeza spika na kuiweka juu ya goti. Sisi wengine tukajifanya tunapalilia. Mimi nilipalilia mahali hapakuwa na jani hata moja.

"Amandine. Ni mimi."

"Nimekujua, dada."

"Maharage nimepata." Akaitikisa chupa. "Unayawekea nini? Niambie tu, sitasema neno."

"Siweki kitu."

"Na ule mfuko?"

"Ni wa maua ya waridi. Mume wangu anapenda waridi." Amandine alivuta pumzi. "Mama aliyawekea nini maharage, dada?"

Léoncie alifunika uso kwa mkono wenye udongo. "Hakuyawekea kitu," akasema. "Alichimba tu akayafukia."

"Basi na mimi hivyohivyo."

"Kwa nini hukuniambia ile Pasaka?"

"Hukuniuliza. Ulikuja na hukumu yako tayari."

Léoncie akalia, kwa sauti, yeye ambaye huongea kana kwamba mtoto amelala. Kalume hakuweza kuvumilia. Alichuchumaa karibu na ile simu, huyu mtu wa sauti ndefu, akatafuta maneno, akapata machache.

"Maman Amandine, usimukasirikie. Yale maneno ni miye nilimufundisha."

"Najua," Amandine akajibu. "Siku ile alikuwa anaongea kwa sauti yako. Miaka miwili nasubiri kusikia ya dada yangu."

Kalume alibaki amechuchumaa. Léoncie aliichukua simu, akazima spika, akaenda nayo mpaka kwenye ua, na huko wakaanza kuongea Kirundi, wawili kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake.

Kalume alichukua jembe. Alikwenda kwenye kona ile ya mbali, karibu na bomba, ambako samadi haikufika, akaanza kuchimba. Alichimba mpaka saa sita, na hakumweleza mtu yeyote kwa nini.